Tope Lililokosa Uzito

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Irine aliteremka mtoni na mtungi wa plastiki wa manjano uliofungwa kamba ya katani. Mto wenyewe ulikuwa kijito tu kinachopita chini ya kijiji chao, kwenye mteremko wa bonde la Lambwe. Ng'ombe walikunywa hapo juu kidogo, na watu walichota hapo chini kidogo. Ukifika umechelewa, unakuta maji yamevurugwa na kwato, na inabidi ukae ukingoni mpaka matope yatulie. Halafu unachota kwa bakuli, polepole, na kuyachuja kwa kitambaa cheupe ambacho baada ya wiki moja si cheupe tena.

Ndugu yake mdogo, Cephas, alikuwa ameugua homa ya matumbo mwaka uliopita. Alilazwa hospitalini Homa Bay hadi nywele zikamnyonyoka, na aliporudi nyumbani miguu yake ilikuwa myembamba kama ya kuku. Mpaka leo, akimaliza kunywa maji, humtazama dada yake usoni kana kwamba anamuuliza, "Haya ni mazuri?" Irine humjibu tu, "Yamechemshwa."

Mama yao, Phelesia, aliuza mahindi na maharagwe sokoni, pale barabarani. Alipima kwa gorogoro, kama wanawake wote wa sokoni. Hilo ni kopo la bati la mafuta ya kupikia, linalobeba kilo mbili za mahindi, na hakuna mtu kutoka Homa Bay mpaka Migori asiyelijua. Lakini nyumbani kwa Phelesia gorogoro zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na jina.

Ya kwanza iliitwa Wuon Dala, yaani mwenye boma, kwa sababu ilikula sana. Kitako chake kilikuwa kimepigwa kutoka ndani kikatokeza nje kama tumbo. Phelesia alisafiri nayo mpaka Kehancha, kwa Wakuria, kununulia mahindi. Ya pili iliitwa Wendo, yaani mgeni, kwa sababu mgeni mwenye adabu hali chakula kingi. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na ukingo wake wa juu umepunguzwa kwa makasi ya bati na kukunjwa vizuri ili isionekane. Hiyo ndiyo ya kuuzia.

"Mama, kwa nini hatupimi kwa moja?" Irine aliwahi kuuliza alipokuwa mdogo.

"Kila mwanamke sokoni ana mbili," Phelesia alimjibu akipepeta maharagwe. "Mimi si wa kwanza wala si wa mwisho. Lete ungo."

Basi Irine akakua akijua, na mambo mtu anayokua nayo huacha kuyaona.

Muhula wa pili, lori kubwa liliingia uwanjani mwa shule likibeba mtambo wa kuchimba kisima. Watoto walilikimbilia wakipiga mayowe, hata wale waliokuwa katikati ya mtihani. Shule na kijiji kizima wangepata maji safi kutoka chini ya ardhi, na bomba lingewekwa karibu na lango. Irine alipolitazama lile lori alimfikiria Cephas na kile kitambaa cha kuchujia.

Fundi mkuu aliitwa Mniko. Alikuwa Mkuria, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye zamani alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Turkana. Mwalimu Joash, aliyefundisha sayansi, alimwomba awaeleze wanafunzi wa Gredi ya Nane jinsi kazi ile inavyoendeshwa. Mniko akakubali. Aliwapanga nyuma ya kamba, akasimama kando ya shimo la tope.

"Nyinyi mnafikiri kazi yangu ni kutoboa," alisema. "Kutoboa ni rahisi, hata fuko anatoboa. Kazi yangu ni kuzuia kilicho chini kisije juu kabla sijakiita."

Watoto wakacheka.

"Chini hapa, mita sitini, kuna changarawe yenye maji. Maji hayo yamebanwa na udongo mgumu juu yake, na yanateremka kutoka milimani kule, kwa hiyo yana nguvu. Kisima cha jirani, ng'ambo ya bonde, tulikifunga geji ya kupimia nguvu ya maji, tukaona yanasukuma kwa kilo saba kwenye kila eneo la ukubwa wa huu ukucha." Akaonyesha kidole gumba. "Mafuta kule Turkana ni vilevile, ila kina ni kirefu zaidi na hatari ni kubwa zaidi. Ukikosea kule, moto. Ukikosea hapa, mafuriko. Sasa mimi nayazuia kwa nini?"

"Kwa mashine!" mmoja akasema.

"Kwa hili." Alichota tope la kijivu kwa kiganja, likachuruzika polepole kati ya vidole. "Shimo linapochimbwa, linajaa tope hili kutoka chini mpaka juu. Tope halina mikono, lakini lina uzito na lina kimo. Maji matupu, yakijaa shimo la mita kumi, yanakalia ukucha huu kwa kilo moja. Ya mita sitini je?"

"Kilo sita!"

"Na chini wanasukuma kwa saba. Nani atashinda?"

"Wa chini!"

"Ndiyo maana hatutumii maji matupu. Tunatia udongo unaovimba ukilowa ili tope liwe zito kama uji, kisha tunatia unga wa jiwe zito. Lita moja ya tope langu lazima iwe na kilo moja na pointi mbili. Nani ataniambia hapo chini litakalia kwa kilo ngapi?"

Irine aliinua mkono. "Sita mara moja pointi mbili. Saba pointi mbili."

"Saba pointi mbili dhidi ya saba. Tunashinda kwa kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Wewe unaitwa nani?"

"Irine."

"Irine, ukimaliza shule njoo unitafute."

Okemwa, mvulana ambaye hakuweza kukaa kimya hata kanisani, akapaza sauti. "Fundi, si upanue shimo tu! Tope liwe jingi, likandamize hayo maji kabisa!"

"Watu wazima wenye vyeti wameshaniuliza hivyo," Mniko alimjibu, na darasa likamcheka Okemwa, naye akainama kama mtu anayepokea zawadi. "Upana hausaidii. Shimo liwe pana kama bwawa au jembamba kama mkono wako, ukucha mmoja unabeba nguzo iliyo juu yake tu. Kinachohesabiwa ni kina na uzito. Hivyo viwili, basi."

Unga ule wa jiwe ulikuja katika fuko moja kubwa sana, la kunyanyuliwa kwa winchi, kwa hiyo ilibidi upimwe kidogo kidogo ukitiwa mapipani. Mizani ndogo ya kupimia tope ilikuwa imevunjika walipokuwa njiani. Mniko hakuonekana kuhangaika. Alikuwa amepima unga huo kule Migori, akajua kwamba gorogoro moja iliyojaa hubeba kilo tano, maana unga wa jiwe ni mzito kuliko mahindi. Kila pipa la tope lilihitaji gorogoro kumi na mbili. Ila gorogoro yake mwenyewe ilikuwa imekanyagwa na tairi la lori, ikawa bapa kama chapati.

"Nani hapa ana gorogoro?" aliuliza.

"Mama Irine anauza mahindi!" Okemwa akapiga kelele.

"Irine, mwanangu, kimbia nyumbani utuletee."

Irine alikwenda mbio. Nyumbani hakukuwa na mtu mzima, kwa kuwa Phelesia alikuwa ameondoka jana yake kwenda Kehancha, na Wuon Dala ameibeba ndani ya gunia. Juu ya kabati palikuwa na Wendo peke yake. Irine alisimama akaitazama. Aliinyanyua, akaingiza mkono ndani, akahisi kile kitako kilichoingia kama goti la mtu. Alijua. Lakini aliwaza pia kwamba Fundi anangoja, na darasa zima linangoja, na ameitwa kwa jina lake.

Aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa. Wazazi wengine walikuwa wamekuja kutazama, miongoni mwao bibi Benta, mjane mwenye shamba la sukuma wiki na nyanya lililopakana na uwanja wa shule. Karibu wote walikuwa wanunuzi wa mama yake. Mniko alipokea lile kopo kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukifungua valvu, akauliza bila kugeuka:

"Hii ni gorogoro kamili?"

Irine aliona macho ya bibi Benta. Aliona ya Lynnet, rafiki yake, ambaye mama yake alinunua mahindi kwao kila Jumamosi. Alitaka kusema hapana. Lakini hapana hiyo ingehitaji maelezo, na maelezo yangefika sokoni kabla ya jua kuzama.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo ile ya sokoni."

Na kweli, ilikuwa ya sokoni.

Wafanyakazi wakaanza kupima, mmoja akihesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Tatu!", na watoto wakimwitikia. Irine akajipa moyo: upungufu ni kidogo tu. Fundi mwenyewe amesema tope litashinda. Akarudi darasani.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, mtambo ulifika kwenye changarawe. Watoto walikuwa wanakula mahindi ya kuchemsha chini ya paa la bwalo. Walisikia Mniko akipiga kelele, mtu ambaye hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Zima pampu! Zima!"

Pampu ikazimwa. Kukawa kimya. Lakini tope liliendelea kutoka mdomoni mwa kisima, taratibu kama uji unaochemka na kumwagika jikoni. Mniko alilitazama, na uso wake ukabadilika.

"Pampu imezimwa, mbona linatembea?" alisema. "Ondoeni watoto. Mwalimu! Ondoa watoto!"

Tope likatoka kwa kasi zaidi, kisha likawa jepesi, kisha likawa maji yenye mchanga, na ghafla yakaruka juu kupita paa la darasa kwa mlio kama wa lori linaloshusha kokoto. Mchanga ulinyesha juu ya mabati. Maji yalichimba ardhi kuzunguka kisima, ardhi ikabomoka, na mtambo ukaanza kuinama upande mmoja kama mlevi. Wafanyakazi wakaruka chini. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Lakini maji yalivunja ua wa bibi Benta na kuingia shambani mwake. Nyanya, sukuma, hata kitalu cha vitunguu alichokuwa amekifunika kwa nyasi kwa uangalifu, vyote vilifukiwa na mchanga wa kijivu.

Bibi Benta hakulia. Alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, akiwa ameshika jembe lisilo na kazi.

Mwisho wa wiki ulipita, na maji hayakukoma, ila yalipungua kimo yakawa yanabubujika tu. Wala hayakuwa yanafaa kunywa, maana yalitoka na mchanga mweusi na kunuka kama yai viza. Shimo lilizidi kupanuka kuelekea madarasani. Mwalimu Joash aliweka vigingi, na kila alipokuja alikuta vigingi viwili au vitatu vimemezwa.

Jumatatu asubuhi wazazi waliitwa shuleni. Ofisa wa kampuni ya uchimbaji alikuwa amefika kutoka mjini, mtu mnene mwenye buti safi. Phelesia, aliyekuwa amerudi safarini Jumamosi, alikaa kwenye benchi la mbele.

"Fundi alipewa unga wa kutosha," alisema ofisa. "Kwa hiyo mambo ni mawili. Kama tope lilikuwa na uzito kamili na bado likashindwa, basi chini kuna nguvu kubwa kuliko mtambo wetu. Hatutajaribu tena. Tutaondoa vifaa na kisima kitabaki hivyo. Au hesabu ya Fundi ilikuwa ya uongo, na katika hali hiyo hatachimba tena mahali popote."

"Kibaki hivyo?" wazazi wakashtuka. "Kimeze shule?"

"Huyu Mkuria alisoma wapi?" mwanamume mmoja akauliza kwa kelele.

"Ameuza unga wetu!" ilikuwa sauti ya Phelesia. Alisimama, akamnyooshea Mniko kidole. "Unga ulipimwa mbele ya watoto wetu, ukaenda wapi? Mnakuja kwetu na mashine kubwa, mnaiba kama panya! Angalia shamba la mjane!"

Watu wakapiga makofi. Irine alikuwa dirishani na wanafunzi wenzake, akisikia yote.

Ofisa aliahirisha mkutano mpaka baada ya chakula cha mchana. Irine alimfuata mama yake nyumbani, akamkuta anakoroga mboga kwa nguvu, bado ana hasira ya mkutanoni.

"Mama. Fundi hakuiba."

"Wewe unajua nini?"

"Aliomba gorogoro. Nilimpelekea Wendo."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Phelesia alipogeuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza kama ni kamili. Nikasema ndiyo."

"Basi umeshasema ndiyo. Kaa na ndiyo yako."

"Mama, watamfukuza. Na wataacha kisima kimeze madarasa, kwa sababu wanafikiri tope lilikuwa zito. Halikuwa zito. Kila pipa lilipungua. Likipimwa sawasawa litashinda, nimepiga hesabu."

"Nyamaza!" Phelesia alimshika bega, si kwa kumpiga, bali kama mtu anayeshika mlango usifunguke. "Nisikilize, nyathina, mwanangu. Hiyo gorogoro ndiyo imekuvalisha hizo sare. Hiyo ndiyo ilimtoa Cephas hospitali. Ukifungua mdomo wako mbele ya wale watu, kesho nitamuuzia nani? Huyo Fundi ataondoka, ana kwao. Sisi tutabaki hapa na macho yao. Umesikia?"

Irine alisikia. Na ubaya wake ni kwamba mama alikuwa akisema kweli, kila neno.

Alasiri Mniko aliomba ruhusa aandike hesabu yake ubaoni, ili aondoke akiwa ameieleza. Aliandika kina, mita sitini. Aliandika uzito wa tope, idadi ya gorogoro, na kilo tano mbele ya kila gorogoro. Akaweka chaki chini.

"Kosa liko wapi?" aliuliza. "Nimelitafuta siku tatu. Kama kuna anayeliona anionyeshe, nitamshukuru."

Okemwa, ambaye alikuwa ameingiza kichwa dirishani, alisema bila utani safari hii, "Fundi, hesabu iko sawa."

"Iko sawa," Mwalimu Joash naye akakubali, akitikisa kichwa.

"Basi unga uliibwa," ofisa akafunga faili lake. "Fundi, funguo za gari tafadhali."

Mniko akaingiza mkono mfukoni. Funguo zilipogusa meza zikalia, na Irine akajikuta ameshaingia mlangoni.

"Hesabu iko sawa," alisema. "Kibaya ni hiyo tano."

Watu wakageuka. Alikwenda ubaoni akaigusa ile tarakimu. "Gorogoro niliyoleta haifiki kilo tano. Kitako chake kimegongwa ndani na mdomo umekatwa. Fundi aliniuliza kama ni kamili. Nilidanganya. Mkiijaza ule unga mkaupime, mtaona."

Hakuna aliyeuliza gorogoro hiyo ni ya nani. Hawakuhitaji. Vichwa vilianza kugeuka kimoja kimoja kuelekea benchi la mbele, na Phelesia akatazama mikono yake.

Walikwenda kwenye mashine ya kusaga mahindi iliyo karibu na shule, wengi wao kwa miguu, ofisa akitangulia. Kopo, lililokuwa limebaki kwa wafanyakazi tangu siku ile, likajazwa unga wa jiwe, likawekwa juu ya mizani ya mahindi. Kilo tatu na nusu.

"Tatu na nusu!" mama yake Lynnet alisema. Hakumwambia mtu yeyote, alikuwa kama anajisemea. "Kila Jumamosi. Na watoto wangu nawaambia wanakula haraka mno."

Mniko alipiga hesabu upya kwa kijiti mchangani. Tope lao halikuwa kilo moja na pointi mbili kwa lita, lilikuwa karibu moja na pointi moja na nusu. Mita sitini, kilo sita na pointi tisa. Chini, saba.

"Tulikosa pointi moja," alisema. Akafuta mchanga kwa buti. "Tulishindwa kwa pointi moja."

Kisha alifanya jambo ambalo Irine hakulitarajia. Alimgeukia ofisa, akasema, "Andika kwamba na mimi nina kosa. Mashine hii ya kusaga iko hapa hapa. Ningeweza kuja kulipima kopo kabla ya kazi. Nilimuuliza mtoto badala ya kuuliza mizani." Ofisa aliandika, akampa onyo, akamrudishia funguo.

Kwa unga uliobaki walichanganya tope jipya, zito zaidi, kila kipimo kikipita mizanini. Walilisukuma ndani ya mabomba kuanzia jioni ile hadi kesho yake. Mbubujiko ukalegea, ukawa mapovu, ukakoma. Uwanja mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba ndege walirudi.

Madarasa yalipona. Kisima hakikupona. Kuta zake zilikuwa zimebomoka huko chini, mabomba yamepinda, na haikuwezekana kukitengeneza. Ilibidi kijazwe saruji kutoka chini mpaka juu. Mtambo ulikuwa unangojewa upande wa Awendo, na kampuni haikutoa ahadi ya kurudi. Cephas alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo bomba la langoni halitakuja?" Irine alimjibu kwamba halitakuja.

Phelesia alikwenda sokoni siku tatu mfululizo na kurudi na magunia yaleyale. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakapita, wakanunua kwingine, kwa wanawake ambao Irine alijua kabisa nao wana makopo mawili.

"Unaona?" Phelesia alimwambia siku ya tatu, akishusha gunia. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimuumiza Irine kuliko kofi. "Nilikwambia."

"Uliniambia, Mama."

Phelesia alikaa juu ya gunia. Alivua viatu, akavigonganisha kutoa vumbi, akavivaa tena.

"Twende kwa huyo mtu," alisema.

Walimkuta Mniko akisimamia saruji ya mwisho ikimiminwa. Bibi Benta alikuwa upande wa pili wa ua, akipepeta mchanga kutafuta mizizi ya vitunguu iliyo hai. Phelesia alisimama mbele ya Mniko, mikono ameikunja juu ya leso.

"Fundi, nilikuita mwizi mbele ya watu. Mwizi ni mimi. Nisamehe."

"Ya kuniita mwizi nimesamehe," Mniko alisema. "Shamba la yule bibi utazungumza naye mwenyewe, mimi si msemaji wake." Alitaka kugeuka, akasita. "Mama Irine, unanunua wapi mahindi?"

"Kehancha."

"Kwa kopo hilo hilo?"

Kwa kuwa alikuwa amekuja kusema kweli, Phelesia akasema, "Hapana. Kwa jingine. Lile ni kubwa kuliko kawaida."

"Nilijua lazima kuna jingine." Mniko alipangusa saruji mikononi. "Mama yangu yuko Kehancha. Kila mavuno huhesabu gorogoro zake nyumbani, na akiuza kwa wanawake wa kutoka huku, hazitimii. Anasema uzee umemharibia akili, hajui tena kuhesabu. Mwaka jana alimwachia dada yangu kazi ya kuuza, akakaa jikoni. Mwanamke aliyetulea sisi sita kwa kuhesabu kila punje."

"Anaitwa nani?" Phelesia aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha hataki kujibiwa.

"Robi. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, ina mlango wa bluu."

Phelesia alishika ua. "Hunipa uji," alisema. "Kila nikifika hunipa uji kwanza, ndipo mimi na binti yake tupime. Hunipa kikombe chake mwenyewe."

Saruji ilimiminika ndani ya shimo kwa sauti nzito. Hatimaye Phelesia alimgeukia binti yake, na akaongea kwa sauti ambayo hata bibi Benta aliisikia ng'ambo ya ua.

"Irine, sikiliza vizuri, maana sitalisema mara mbili. Niliona ninapunguza mahindi tu, kiganja kimoja hapa, kiganja kimoja pale, nani atakufa? Sikujua unapopunguza kipimo, umepunguza kila kitu kitakachopimwa nacho, hata vile ambavyo hujaviona. Nimepunguza kisima. Nimepunguza shamba la mjane. Nimepunguza akili ya mwanamke mzima mpaka akajidharau. Na wewe ulipojua ukanyamaza, ulikuwa umeshika lile kopo pamoja nami. Ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema, na madarasa yamesimama. Safari ijayo sema kabla."

"Ndiyo, Mama."

Mniko alirudi kwenye saruji yake. Phelesia alizunguka ua, akavua viatu, akaingia kwenye mchanga wa bibi Benta bila kualikwa, akapiga magoti, akaanza kupepeta. Bibi Benta hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimsogezea ungo.

Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza vizuri, Phelesia alipanda gari la Migori ili aunganishe Kehancha. Hakubeba gunia lolote la kununulia. Irine alimsindikiza mpaka barabarani, akamwuliza atasema nini akifika pale penye mlango wa bluu.

"Nitakataa uji kwanza," mama yake alisema. "Halafu nitamwambia kwamba anajua kuhesabu."